Mali ya umma, lakini umma upi? Ujamaa na kujitawala kwa mataifa madogo ya Wakelti

Ndugu Mwenyekiti, ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha, na asanteni zaidi ninyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti.

Nianze na mgongo wa mzee mmoja. Kwa miaka minne nilifanya kazi ya kuhudumia wazee katika bonde moja la Wales Kusini, na kila asubuhi nilikuwa namwogesha mzee aliyeanza kushuka mgodini akiwa kijana wa miaka kumi na mitano. Kuanzia mabegani hadi kiunoni alikuwa na alama za buluu, kama mtu aliyechorwa kwa wino. Siku ya kwanza nilidhani ni chale. Akanieleza kwamba kule chini dari ni fupi, mtu anatambaa, jiwe linamchana, na vumbi la makaa ya mawe linaingia kwenye kidonda kabla hakijafunga. Ngozi inapona, makaa yanabaki ndani mpaka kaburini. Mapafu yake nayo yalikuwa hivyohivyo. Usiku ungemsikia akipumua ukiwa chumba cha tatu.

Mzee yule ndiye aliyenifanya nilifikirie upya jambo ambalo nilikuwa nimelimeza kama lilivyo tangu ujana wangu wa siasa. Nilifundishwa kwamba mjamaa hana taifa ila tabaka, na kwamba vijitaifa vinavyotaka bunge lao vinawagawa wafanyakazi. Leo nimekuja kusema kinyume chake. Naamini Wales, Cornwall, Bretagne na wenzao wanastahili kujitawala, na sababu zangu ni za kijamaa.

Tukisema mataifa ya Wakelti tunamaanisha watu wa pembe za magharibi za Ulaya ambao lugha zao za asili ni ndugu: Ireland, Uskoti, Wales, Cornwall, Kisiwa cha Man, na Bretagne iliyo chini ya Ufaransa. Ireland na Uskoti mnasikia habari zao. Mimi nazungumzia wadogo, na zaidi Wales, yenye watu milioni 3 na kidogo, kwa sababu huko ndiko nilikoishi.

Aberfan ni kijiji karibu na mji wa Merthyr Tydfil. Mlimani juu yake, mgodi wa Merthyr Vale ulikuwa unarundika kifusi: mawe, udongo na tope linalobaki makaa yakishachambuliwa. Rundo la saba lilianzwa mwaka 1958, na lilimwagwa juu ya chemchemi. Chemchemi hiyo ilikuwamo kwenye ramani. Mwaka 1963 mhandisi wa halmashauri ya Merthyr aliandika barua kuhusu hatari ya tope lililokuwa likimwagwa nyuma ya shule ya msingi ya Pantglas. Watu wa kijiji nao walisema. Ijumaa ya tarehe 21 Oktoba 1966, saa tatu na robo asubuhi, watoto ndio kwanza wamekaa madarasani, rundo likaporomoka. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya likizo fupi. Saa sita mchana wangekuwa wamerudi nyumbani.

Makaburi yao yako kilimani, safu za matao meupe yaliyoungana. Nilikwenda siku ya mvua. Nilisoma majina na umri, miaka saba, minane, tisa, mpaka nikashindwa kuendelea.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye hoja yangu. Mgodi ule haukuwa wa bepari. Migodi ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1947, na siku hiyo bendera zilipandishwa, na vibao vikatundikwa milangoni kutangaza kwamba mgodi huu sasa unaendeshwa na Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe kwa niaba ya wananchi. Wazee walilia kwa furaha. Walikuwa wamepigania siku ile kwa vizazi viwili. Mwaka 1966 serikali iliyokuwa madarakani London ilikuwa ya Labour, chama cha siasa kilichoundwa na wafanyakazi. Mwenyekiti wa Bodi, Lord Robens, alikuwa zamani kiongozi wa chama cha wafanyakazi na mbunge wa Labour. Kwa karatasi, kila kitu kilikuwa chetu.

Mwenyekiti huyo hakuja Aberfan siku ya maafa. Alikwenda kwanza kusimikwa kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Surrey, akafika Aberfan kesho yake. Bodi ikadai kwamba chemchemi haikujulikana. Siku ya kusomwa majina ya marehemu na sababu za vifo vyao, baba mmoja alisimama akakataa maneno ya kitabibu yaliyoandikwa kwa mwanawe. Alitaka iandikwe kwamba mtoto amezikwa hai na Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe. Tume ya uchunguzi ilikaa siku 76 na ikasema wazi kwamba lawama ni ya Bodi. Hakuna aliyeshtakiwa. Hakuna aliyefukuzwa kazi. Bodi ililipa pauni 500 kwa kila mtoto.

Na bado. Yale marundo mengine yaliyobaki juu ya kijiji, wazazi walitaka yaondolewe. Bodi na serikali zikavutana juu ya nani alipe, na mwisho zikachukuliwa pauni 150,000 kutoka kwenye mfuko wa rambirambi, fedha ambazo watu wa kawaida duniani walikuwa wamewachangia wafiwa. Wafiwa walilipishwa gharama ya kuondoa kilichotishia kuwaua waliobaki. Fedha hizo zilirudishwa mwaka 1997, pauni 150,000 zilezile bila nyongeza ya miaka thelathini. Ilipofika 2007, Wales ikiwa na bunge na serikali yake, serikali hiyo ilitoa pauni milioni 2 kwa mifuko ya Aberfan.

Nilipolijua jambo hili nilikosa usingizi, kwa sababu lilikuwa limenikamata mimi. Maisha yangu yote nimesema: taifisheni. Aberfan inauliza mali ya umma ni ya umma upi. Kama umma ni ofisi ya London, na barua ya mhandisi wa kijijini inapita meza saba ikafie ya nane, basi mwenye mali amebadilika jina tu. Waswahili tunasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bodi haikulala chini ya rundo lile.

Na wachimbaji wenyewe walikuwa wameliona mapema. Mwaka 1912, baada ya mgomo mkali wa Tonypandy, kikundi cha wachimbaji wa Wales Kusini kilitoa kijitabu kilichokataa migodi kukabidhiwa kwa maofisa wa serikali. Walitaka waongozwe na wale wanaoshuka shimoni. Waliandika hayo miaka 35 kabla ya bendera za 1947! Hawakuwa wasomi wa vyuo vikuu; walisoma usiku katika maktaba walizojenga kwa makato ya mishahara yao.

Hapa kwetu tunalijua somo hili, tena kwa machungu. Mwaka 1972 tulifuta halmashauri zetu za wilaya, na 1976 tukavunja vyama vikuu vya ushirika, tukiamini kwamba serikali ya wajamaa itajua zaidi kuliko wakulima. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka 1984, alisema kwamba kama angeanza upya, mambo hayo mawili asingeyafanya. Ndiyo maana nadhani Mtanzania anaweza kumwelewa Mwelisi kuliko anavyoeleweka na jirani yake.

Kisa cha pili ni cha maji. Kaskazini mwa Wales kulikuwa na bonde la Tryweryn, na ndani yake kijiji cha Capel Celyn: shule, posta, kanisa, makaburi, na mashamba yaliyozungumza Kiwelisi tupu. Halmashauri ya jiji la Liverpool ilitaka bwawa. Haikuomba ruhusa kwa mamlaka yoyote ya Wales. Ilikwenda moja kwa moja Bunge la London, na sheria ikapita 1957. Hakuna mbunge hata mmoja wa Wales aliyeiunga mkono. Wanakijiji waliandamana na watoto wao katika mitaa ya Liverpool. Mwaka 1965 bonde lilijazwa maji. Na halmashauri ile ya Liverpool iliongozwa na Labour! Walitaka maji kwa ajili ya wafanyakazi wao na viwanda vyao, haja ambayo siidharau. Liverpool iliomba radhi 2005. Ukipita leo barabara ya pwani karibu na Llanrhystud utaona ukuta wa nyumba iliyobomoka, umepakwa rangi nyekundu na maneno meupe yanayosema: ikumbukeni Tryweryn. Unaharibiwa mara kwa mara, na kila ukiharibiwa kuna watu wanaoamka alfajiri kuujenga na kuupaka upya.

Sitakaa sana kwenye lugha, ingawa wengi hudhani ndiyo kiini. Ninyi mliosoma Kenya mnakumbuka kibao alichovishwa shingoni mtoto aliyezungumza lugha ya mama shuleni. Wales karne ya 19 kilikuwapo kibao cha namna hiyohiyo, kikipokezanwa mtoto kwa mtoto, na aliyekutwa nacho mwisho wa siku alichapwa. Leo wanaosema Kiwelisi ni karibu watu 538,000, chini ya mmoja kwa kila watano. Lakini niwaonyeshe lugha ilivyo suala la tabaka. Katika machimbo ya mawe ya kuezekea ya Penrhyn, wachimbaji walikuwa wa Kiwelisi na mwenye machimbo wa Kiingereza. Utajiri wa ukoo ule ulianza na mashamba ya miwa Jamaica, kwa jasho la Waafrika waliotumikishwa utumwani. Wachimbaji walipodai chama chao kitambuliwe, walifungiwa nje kwa miaka mitatu, 1900 hadi 1903. Kwenye madirisha ya Bethesda, mji wa wachimbaji hao, waliweka karatasi iliyoandikwa kwa Kiwelisi: hakuna msaliti katika nyumba hii. Miaka mitatu, ndugu zangu, karatasi dirishani na chungu kitupu jikoni.

Sasa nije kwa wenzetu wanaopinga, maana si wapumbavu na wala si maadui. Aneurin Bevan, mwana wa Tredegar, mchimbaji aliyeacha shule mdogo na kuja kuijenga huduma ya afya ya taifa iliyoanza tarehe 5 Julai 1948, hakuyapenda madai haya. Alisema tatizo la mchimbaji wa Wales ni lilelile la mchimbaji wa Uingereza. Neil Kinnock alikuwa miongoni mwa wabunge wa Labour waliopinga bunge la Wales katika kura ya 1979, na wapiga kura wanne kwa kila watano wakasema hapana. Hofu yao ilikuwa ya kweli: ukigawa nchi, tajiri ataishindanisha mikoa, na mshikamano utakufa.

Namheshimu Bevan kuliko wanasiasa wengi waliopata kuishi. Lakini huduma ile ya afya aliitoa wapi? Tredegar kulikuwa na chama cha msaada wa matibabu. Kila mfanyakazi alikatwa peni chache katika kila pauni ya mshahara, na kwa fedha hizo mji ukawaajiri madaktari wake na kuendesha hospitali yake, chini ya kamati ya wafanyakazi wenyewe. Bevan alisema anataka kuifanya nchi nzima iwe kama Tredegar. Kwa hiyo kitu bora kabisa walicho nacho wafanyakazi wa nchi ile kilibuniwa na watu wa bonde moja waliokuwa na madaraka juu ya fedha zao.

Na mshikamano? Chama cha wachimbaji kilikuwa shirikisho, kila eneo na uongozi wake. Katika mgomo mkuu wa 1984 na 1985, Wales Kusini, yenye fahari yake na nyimbo zake, ndiyo iliyosimama imara kuliko karibu maeneo yote. Mwisho wa mwaka mzima wa njaa, wachache tu walikuwa wamerudi kazini. Mwaka 1957, Paul Robeson, mwimbaji Mweusi wa Marekani, akiwa amenyang'anywa pasipoti na serikali ya Marekani, wachimbaji wa Wales walikusanyika Porthcawl kwa tamasha lao, wakaunganisha simu kuvuka bahari, naye akawaimbia kutoka New York. Walimjibu kwa kwaya. Waimbaji walikuwa wanaimba Kiwelisi, na hilo halikukatisha mshikamano.

Hata hivyo, nisiwadanganye kwamba bunge lako mwenyewe linatosha. Kisiwa cha Man kinajitawala. Kina Tynwald, moja kati ya mabunge ya kale zaidi duniani, hakimo ndani ya Ufalme wa Muungano, na mwaka 1881 kiliwapa kura wanawake wenye mali, mapema kuliko karibu nchi zote. Wenye mali, angalieni hapo. Leo kampuni nyingi zilizosajiliwa kule hulipa kodi ya asilimia 0, na kodi ya urithi hakuna. Fedha za matajiri zinakwenda kujificha huko, nyingine zikitoka katika nchi maskini. Hayo ndiyo madaraka bila ujamaa: bendera nzuri yenye miguu mitatu, na chini yake ghala la watu wengine.

James Connolly, mjamaa aliyepigania uhuru wa Ireland, aliliona hilo 1897. Alizaliwa Edinburgh kwa wazazi wa Kiayalandi, maskini wa kutupwa. Aliwaambia wazalendo wa Ireland kwamba hata mkiliondoa jeshi la Waingereza kesho na kupandisha bendera ya kijani, kama hamkujenga jamhuri ya kijamaa, Uingereza itaendelea kuwatawala kupitia mabepari wake na wenye ardhi wake. Sisi tuliita jambo hilo uhuru wa bendera. Connolly alipigwa risasi na jeshi la Waingereza Mei 1916 akiwa ameketishwa kwenye kiti, kwa sababu majeraha hayakumruhusu kusimama. Hakuona taifa na tabaka kuwa njia mbili. Na S. O. Davies, mchimbaji na mbunge wa Merthyr, mjamaa wa siasa kali, mwaka 1955 alipeleka London muswada wa bunge la Wales. Ulishindwa. Chama chake kilipomwona mzee mno na kumwacha, wananchi wa Merthyr walimchagua bila chama mwaka 1970.

Ninachokitaka mimi nimekiona kwa macho Hirwaun, kwenye mgodi wa Tower. Ulifungwa na shirika la serikali 1994 kwa madai kwamba hauna faida. Wachimbaji 239 wakachanga kila mmoja pauni 8,000 kutoka malipo yao ya kuachishwa kazi. Fikirini: mtu ana mke, ana watoto, ana nyumba ya mkopo, na zile ndizo fedha za mwisho atakazopata maishani kwa jasho la mgodi. Januari 1995 walipanda mlima kwa maandamano, bendera ya chama mbele, wakaingia kwenye mgodi wao. Waliuendesha miaka 13, wakilipana vizuri, mpaka makaa yakaisha mwaka 2008. Mzee wangu hakuwa mmoja wao, lakini alikuwa na picha ya siku ile ukutani, na picha hiyo nilikuwa naipangusa vumbi kila Jumatatu.

Watu wale hawakuwa na nchi nyuma yao wakati ule. Kura ya kupata bunge ilikuja Septemba 1997 na ikapita kwa tofauti ya kura 6,721 tu. Tangu hapo, Wales imefuta malipo ya dawa zinazoandikwa na daktari, imesimamisha uuzaji wa nyumba za halmashauri, na sasa kila mtoto wa shule ya msingi anapata chakula cha mchana bure. Hizi si ndoto, ni sahani mezani. Lakini mipaka ni mikali. Reli mpya ya mwendo kasi kutoka London, ambayo haina hata mita moja ya njia ndani ya Wales, imehesabiwa kuwa mradi wa Uingereza na Wales, hivyo Wales ikakosa mgao ambao Uskoti imeupata. Kodi ya sakafu ya bahari, palipo na upepo wa kuzalisha umeme, Uskoti inaisimamia yenyewe. Ya Wales inakwenda London. Waliishiwa makaa, na sasa upepo nao una mwenyewe.

Cornwall hali ni ngumu zaidi. Mgodi wao wa mwisho wa bati, South Crofty, ulifungwa 1998. Watu 50,000 walitia saini kuomba bunge dogo, maombi yakapelekwa 2001, na bunge hawana hadi leo, ingawa mwaka 2014 serikali ilikiri kwamba Wakornwall ni jamii yenye utambulisho wake. Vijiji vya wavuvi nyumba zimenunuliwa na wenye fedha kwa likizo. Ukipita Januari usiku, mtaa mzima giza, na kijana aliyezaliwa pale analala kwenye gari. Katika Bretagne, jiji la Nantes lilitengwa na mkoa wake 1941 na serikali ya Vichy, ile ya Ufaransa iliyoshirikiana na Hitler, na jamhuri zote zilizofuata zimeliacha hivyohivyo. Lakini kule Plogoff mwaka 1980 wanakijiji walikabiliana na polisi kwa wiki kadhaa kukataa kinu cha nyuklia walichoamuliwa kutoka Paris, na mwaka uliofuata mradi ukafutwa.

Ndugu mmoja amenitumia karatasi akiuliza: je, watu milioni 3 si wachache mno? Najibu kwa swali la usalama. Wachache mno kwa ajili ya nini? Februari 2020, baada ya mvua kubwa, rundo la zamani la kifusi liliporomoka Tylorstown, katika bonde la Rhondda, takriban tani 60,000. Kwa rehema ya Mungu hakufa mtu. Ilibainika kwamba Wales ina marundo yaliyoachwa zaidi ya 2,000, na mamia kati yake yako katika daraja la hatari. Yalirundikwa kabla Wales haijawa na serikali, utajiri wake ulikwenda kwingine, na London kwa miaka kadhaa ikasema hilo sasa ni jambo lenu. Novemba 2024 jingine likateremka Cwmtillery, tope likaingia majumbani usiku.

Mwaka 2025 bunge la Wales lilipitisha sheria ya kuunda chombo maalumu cha kukagua kila rundo, kuliandika katika daftari na kulitengeneza. Makao yake yatakuwa Wales. Mwananchi akiona maji yanatoka mahali yasipotakiwa, atajua barua yake aipeleke wapi, na atamjua kwa jina mtu anayetakiwa kuijibu.

Asanteni. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.